Poda Isiyonukia

Mount Druitt, Sydney
Mwezi wa saba, baridi imekaza

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, funga mlango wa sebuleni, na mdogo wangu Furaha mwambie akae ndani pamoja nawe, asisimame barazani. Barua hii nimeiandika kwa mkono, nikaipiga picha ukurasa mmoja mmoja, nikamtumia yeye kwenye simu yake. Sikutaka kutuma sauti. Sauti zangu siku hizi zinatembea kuliko mimi mwenyewe. Ile niliyokutumia wewe peke yako kuhusu kifua cha Yosua, wiki haikuisha mwanamke wa kanisani hapa hapa Sydney akanipigia kuniuliza kama kifua cha mtoto kimepoa. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi, kama ulivyokuwa ukiniandikia ulipotangulia kurudi Uvira ukaniacha kambini na Shangazi.

Goti linaendeleaje? Na ule ukuta wa nyuma uliobebwa na mafuriko, Mjomba Lukasi ameshaujenga, au bado anatafuta fundi? Nasikia huko nako makanisa yalifungwa mkawa mnasali nyumbani. Hapa ni hivyo hivyo, tunasali kwenye simu, mchungaji akikatika katikati ya maombi tunamalizia wenyewe.

Wajukuu wako wazima. Neema ameng'oka meno ya mbele. Namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, mpaka nikunje uso ndipo anasema "ndiyo Mama", tena kwa uvivu, kama mtu anayelipa faini. Yosua anatambaa na kila anachokikuta sakafuni anakipeleka kinywani. Mimi mwenyewe nimechoka, Mama, sikufichi. Mchana niko na mtoto, jioni Baba Neema akirudi namwachia watoto naenda zamu kwenye dobi kubwa, kule kunakofuliwa mashuka ya hospitali na ya nyumba za wazee. Tangu ugonjwa huu uingie mashuka yanakuja kwenye mifuko myekundu ambayo haturuhusiwi kuifungua kwa mkono. Nikirudi nyumbani naoga kwanza ndipo namgusa mtoto. Hizo ndizo habari za kawaida.

Sasa nije kwenye lile lililokukosesha usingizi. Najua Jumapili hii, baada ya maombi, Baba Mkubwa amewaita wazee wa upande wetu na wa upande wa mume wangu waketi juu ya ndoa yangu. Najua pia maneno yalifikaje huko. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa ni Mama Bahati, na dada yake anaimba kwaya pamoja nawe. Mama, nakuandikia ili kikao hicho kisikaliwe. Wakishaketi na kusema, maneno yao hayafutiki, na ndoa yangu itakuwa imevunjwa na watu walio mbali ambao hawakuona kitu. Lakini sikuombi unyamaze bure. Nitakueleza yote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na yale ambayo bado yananitia mashaka.

Wewe unajua mkwe wako anafanya kazi bandarini, Port Botany, kushusha makontena. Umewaambia hata akina mama wa kanisa. Mimi nami ndivyo nilivyojua. Kila alfajiri alivaa fulana yake ya kung'aa, akachukua chakula chake, akashuka stesheni kupanda treni. Sikuwahi kumsindikiza nione anapanda ya upande gani.

Baridi ilipoanza, ndipo mambo yakaanza.

La kwanza lilikuwa maji. Ulinifunza wewe mwenyewe, mume akiingia, kabla ya habari yoyote, maji. Nimefanya hivyo tangu siku ya kwanza ya ndoa, hata wakati wa ujauzito nilipokuwa natapika. Siku moja nikamletea, akaishika glasi, akaitazama, akaiweka chini bila kunywa. Baadaye nikamwona ameenda mwenyewe bombani, amechota, amekunywa amesimama, na glasi ameiosha. Nikajiambia ni mambo ya corona, anaogopa kutuambukiza. Kesho yake ikawa vile vile. Na kesho yake. Hakusema neno baya, Mama. Anacheza na watoto, anamwogesha Yosua, lakini maji ya mkono wangu hayanywi. Unakumbuka kambini, mume wa yule jirani yetu mshona nguo alipoanza kukataa maji ya mkewe? Ulinivuta pembeni ukaniambia, huyu ana nyumba nyingine. Na kweli alikuwa nayo, na watoto ndani. Hilo lilinirudia kichwani kila nilipomwona pale bombani amenipa mgongo.

La pili ni viatu. Bandarini ni saruji tupu. Viatu vyake vilikuwa vinarudi na matope na majani.

La tatu ni hii poda. Nilikuwa nakagua mifuko ya jaketi kabla ya kufua, kazi yangu ndiyo hiyo. Jaketi lake ni la buluu ya giza, nikaona kifuani na kwenye mikono limejaa poda nyeupe, laini, kama mtu aliyekumbatiwa na mwanamke aliyetoka kuoga. Mfukoni nikakuta glovu nyembamba, kipande cha kamba, na kipande cha mpira mweupe, laini kama chuchu ya chupa ya mtoto, umechanika. Sitakuandikia nilichofikiria. Wewe ni mtu mzima. Jaketi sikulifua. Nililifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaliweka juu ya kabati.

Wiki hiyo hiyo Mama Bahati akanisimamisha kwenye uzio. Ile sauti yake ya huruma unaijua, Mama, hata kama hujamsikia, dada yake anayo. Akasema mume wake, ambaye anaendesha lori la kuvuka milima, amemwona Baba Neema kituo cha mafuta, kwenye mji mdogo juu kabisa milimani, ndani ya gari linaloendeshwa na mwanamke wa kizungu. Akanitajia na jina la mji. Kisha akaongeza, "Tena alikuwa anacheka." Hilo la kucheka ndilo lililoniuma. Nyumbani kicheko kilikuwa kimepotea.

Bandari iko mashariki, Mama, na milima iko magharibi. Ni kama mtu akuage anakwenda Bujumbura, halafu umkute njia ya Fizi.

Sikumuuliza. Nilifuata vile tunavyofanya, nikabeba mfuko wangu kwenda kwa msimamizi wetu wa ndoa. Ni Mama Goreti, yule Mrundi aliyesimama upande wangu kanisani siku tulipofunga. Anakaa Lidcombe na anahudumia wazee, kwa hiyo kazini wamemkataza kupokea wageni nyumbani. Tukakutana stesheni, tukakaa benchi moja, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, mfuko katikati kama mtoto wetu. Nikamweleza kila kitu. Akafungua mfuko, akashusha barakoa, akaweka pua.

"Hii hainukii," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siyo ya mwanamke. Mwanamke gani anajipaka poda isiyonukia? Hata mimi na uzee wangu siwezi kutoka nayo."

Nikashusha pumzi mpaka Yosua mgongoni akashtuka. Ila Mama Goreti hakucheka. Aliutoa ule mpira akauvuta, akazitazama glovu, akaitazama kamba, na uso wake ukabadilika.

"Riziki. Poda nyeupe. Glovu. Mpira uliokatwa. Kamba ya kufungia. Gari la mzungu mbali na mji." Akafunga mfuko, akausukuma upande wangu. "Mwanangu, ningependa iwe mwanamke."

Tulikuwa tunafikiria kitu kimoja. Mwanamke mwingine ni aibu, unalia, wazee wanaketi, yanaisha au hayaishi. Lakini madawa ya kulevya, Mama, kwa watu kama sisi ambao hata uraia hatujapewa, siyo jela ya mtu mmoja tu. Ni karatasi zetu sote. Ni watoto. Mama Goreti akaniambia nisiguse tena ule mfuko kwa mkono mtupu, na nisimwulize, maana akijua nimejua ataficha vizuri zaidi. Akasema, "Nenda ukaone kwa macho yako. Ukishaona, nipigie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote."

Basi nikaenda. Nilichagua siku ambayo sikuwa na zamu. Neema nikampeleka shule, na kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa karibu, nikamwomba Mama Bahati amchukue saa za kutoka. Nilijua namwonjesha mchuzi wa umbea, lakini ningefanyaje. Yosua nikamfunga mgongoni kwa kitenge, juu yake koti, nikapanda treni ya magharibi, nikabadilisha Penrith, nikaanza kupanda milima. Kwenye viti wamebandika vibandiko vya kijani kuonyesha mahali pa kukaa, ili watu wasikaribiane. Yosua alipopiga chafya, mzee mmoja alihama behewa zima.

Nilishuka kwenye ule mji. Mama, sijawahi kuona baridi ya namna ile. Wingu lilikuwa limeketi barabarani kabisa, gari linatoka ndani yake kama linatoka kwenye shimo. Nikaingia duka la mikate. Nilikuwa nimejiandaa niulizeje bila kumtaja, kumbe sikuhitaji. Mama muuzaji alinitazama mimi na mtoto mgongoni, akatabasamu, akaniuliza, "Wewe ni mke wa Eli wa maputo?"

Elia wangu huko anaitwa Eli. Mji mzima unamjua. Akanielekeza nyuma ya uwanja wa michezo, kwa furaha, kama kitu ninachopaswa kukijua. Akampa Yosua biskuti. Niliipokea nikaiweka mfukoni, sikumpa mtoto.

Nilitembea huku nasema moyoni: maputo. Mwanamume mzima, baba wa watoto wawili, kila alfajiri, maputo. Nikaamini hilo ni jina walilokubaliana kuipa biashara yao.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na kibanda cha mabati na mitungi ya gesi kama ile ya wachomeleaji, imepangwa na kufungwa minyororo. Na pale mbele ya kibanda nilimwona mume wangu ameshika puto. Usifikirie puto la sherehe, Mama. Lile lilikuwa jeupe, refu kuliko yeye, upepo unalivuta huku na huku na yeye amelishika shingo kwa mikono miwili yenye glovu, amelikumbatia kifuani kama mtu anayezuia ng'ombe asitoroke. Poda yote ilikuwa pale, kifuani pake. Ndani ya lile puto wanatia poda ili mpira usigandane wakati umekunjwa.

Chini yake, amepiga magoti kwenye majani, alikuwepo msichana wa kizungu, pua imekuwa nyekundu kwa baridi, anafunga kamba kwenye kisanduku cheupe. Yeye naye alikuwa na poda, mpaka kwenye nywele. Hakuwa na uzuri wa kutisha. Hata hivyo sikumsamehe papo hapo.

Mume wangu akaniona. Hakuweza kuliachia puto.

"Mama Neema," akasema. "Neema yuko wapi?"

"Shule."

"Nani atamchukua?"

"Mama Bahati."

Akafumba macho.

Nikamwuliza, "Meli zako ziko wapi, Baba Neema?"

Yule msichana akauliza huyu ni nani, akaambiwa mimi ni mke wa Elia, akainuka kwa furaha akanyoosha mkono, akakumbuka corona, akanipa kiwiko. Nikakiacha kiwiko chake hewani. Baba Neema akasema kwa Kiswahili nisubiri kidogo, wingu zuri limefika, puto lazima liingie sasa hivi kabla halijapita. Nikamwambia mimi nimesubiri tangu baridi ianze, wingu nalo lisubiri.

Kisha nikageuka kwa yule msichana. Anaitwa Jeni, anasomea mambo ya mawingu chuo kikuu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kufulia mashuka kwamba sitoki pale mpaka nione ndani ya kile kisanduku. Akamtazama mume wangu, akalitazama wingu, akaenda kwenye kibanda akaleta kisanduku kingine, akakifungua mbele yangu. Nilitazama mpaka chini. Kulikuwa na betri, na kibao kidogo kama cha ndani ya redio, basi. Nje yake umesimama waya mwembamba, kama sharubu la paka. Nikakinusa. Nikamwuliza mnamwaga nini huko juu? Akasema hakuna kinachomwagwa. Nikamwuliza na kikianguka? Akasema puto likifika juu sana linapasuka, kisanduku kinashuka taratibu na mwavuli wa karatasi, mara nyingi kinaangukia porini, na kimeandikwa kwamba hakina madhara kwa atakayekiokota. Nikamwambia maneno yaliyoandikwa juu ya kitu mimi siyaamini, hata sigara zinaandikwa. Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa nikueleze alichonieleza, maana Baba Mkubwa atataka kujua mkwe wake anatafuta nini mawinguni. Wakati wa baridi, mawingu ya juu ya milima hii yana maji ambayo yamepoa kupita barafu yenyewe, ila hayajaganda. Yanaelea tu vile vile, maji. Yakikuta kitu cha kushika, yanaganda hapo hapo. Ndege ikipita ndani yake yanashika bawa, bawa linakuwa zito, hewa haipiti tena inavyotakiwa, na ndege inaweza kuanguka. Nyaya za umeme juu ya milima nazo yanazishika mpaka zinakatika. Kwa macho huwezi kujua wingu lipi lina maji hayo na lipi halina, yote yanafanana. Ndiyo maana wanapeleka ule waya. Kisanduku kinautikisa, unatetemeka haraka haraka. Barafu ikiushika unakuwa mzito, unatetemeka polepole, na kisanduku kinaleta habari chini kwa redio. Jinsi unavyozidi kuchelewa ndivyo wanavyojua maji yale ni mengi kiasi gani, na yako juu umbali gani.

Sikutaka kuamini kwa kuambiwa. Nikamwambia anionyeshe. Akakiwasha kile kisanduku, akanigeuzia kompyuta, nikaona mstari umenyooka. Akaniambia, gusa waya, polepole. Nikaugusa kwa ncha ya kidole. Mstari ukadidimia. Nikaondoa kidole, ukarudi. Nikagusa tena, Mama, nikidhani labda ni yeye anayeuchezesha kwa mkono mwingine. Mikono yake yote miwili ilikuwa mfukoni.

Ndipo nikasema, haya, lirusheni.

Baba Neema alikimbia nalo hatua chache akaliachia. Lilipanda likapotea ndani ya wingu, hata sikuwahi kumwonyesha Yosua. Tukasimama kwenye kompyuta sote. Namba za urefu zinapanda, za joto zinashuka chini ya sifuri. Halafu ule mstari wa waya ukaanza kuinama wenyewe, bila kidole cha mtu, kule juu. Jeni akapiga paja. Na mume wangu, Mama, alikuwa na ule uso wake wa zamani, uso ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi ya bandari ilikwisha zamani, makontena yalipopungua na wakala aliyekuwa akimpa zamu akaacha kumpigia simu. Alianza kwa kubeba mitungi tu, wakamfundisha kujaza, wakamfundisha kushika. Jeni anasema hajapata mtu mwenye mikono mitulivu kama yake kwenye upepo.

Nikamvuta nyuma ya kibanda.

"Kwa nini?"

Akavua glovu.

"Unakumbuka ile sauti ya mama?" akaniuliza.

Mama, ni ile uliyonitumia mwanzoni mwa baridi. Ya yule mwanamume asiyejitaja jina, anayesema wazungu wanapeleka vitu mawinguni ili ugonjwa ushuke na mvua, na kwamba Waafrika ndio wanaopewa hiyo kazi kwanza. Mwishoni uliongeza sauti yako mwenyewe kwamba nisile mboga zilizonyeshewa.

"Siku ile nilikuwa nimetoka siku yangu ya kwanza hapa," akasema. "Njia nzima nilikuwa napanga nitakuelezaje. Nimeingia, umeweka simu mezani, tumesikiliza wote. Ilipoisha ukasema, mtu wa kazi hiyo akiingia nyumba hii simpi hata maji ya kunywa."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Halafu ukainuka ukaniletea maji." Akatazama chini. "Niliyaangalia, Riziki. Sikuweza kuyanywa kwa uongo. Nikaona bora nijichotee."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, nikashindwa kuchagua. Nikamwambia, "Uongo wa meli uliuweza kila asubuhi. Wa maji ndio ukakushinda."

"Ndiyo," akasema. Hakujitetea.

Yosua akaamka, akanyoosha mikono kwake, baba yake akamchukua akamweka kifuani penye poda. Tulipoachana, mtoto, mimi na kitenge, sote tulikuwa weupe.

Nilimpigia Mama Goreti kabla treni haijafika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mara mbili kama nilikinusa kisanduku, kisha akasema kwa hiyo tumemwogopa mtu wa maputo. Akacheka mpaka mgonjwa wake akauliza kuna nini. Baadaye akawa mkali, akasema Elia lazima aje stesheni amweleze yeye uso kwa uso kwa nini alimficha mkewe, na kwamba kucheka kwake siyo msamaha. Amekwisha kwenda. Alirudi amepoa.

Sasa wewe, Mama. Nakupenda, na nitakusema kidogo. Ile sauti haikuwa na jina la mtu wala mahali, lakini iliingia nyumbani mwangu ikakaa kati yangu na mume wangu wiki hizi zote. Uliituma kwa sababu unatuogopea, hilo nalijua. Mimi nami niliicheza mezani nikaongeza yangu. Ila kuanzia leo, ikija nyingine ambayo mwenyewe hajitaji, niulize kwanza mimi kabla hujaisambaza. Usidhani nimekuwa mtu wa kuamini kila kitu. Mifuko yake bado naikagua, nimemwambia hivyo usoni. Asubuhi ananiambia anapanda treni ya upande gani. Na mboga zikinyeshewa bado naziosha mara mbili, ile sauti yako haijanitoka yote.

Ukisikia huko kwamba mimi nami nimeonekana nimepakwa poda, ni kweli. Nilipofika kumchukua Neema, Mama Bahati alikuwa amemlisha vizuri na kumwuliza kila swali lililopo duniani, na Neema, Mungu ambariki, alikuwa amemjibu yote kwa Kiingereza. Alipofungua mlango macho yake yalitua kwenye kitenge changu hayakutoka. Nilimshukuru nikaenda zangu. Nadhani dada yake ameshakufikishia.

Jioni ile Baba Neema alirudi. Akavua viatu nje, akaingia, akasalimia, akaelekea bombani kama kawaida yake. Nikamwambia akae. Nikachota maji, nikayaweka mezani mbele yake. Sikumpa mkononi kama zamani, niliyaweka mezani. Akayatazama.

"Haya ni ya nani?"

"Ya mrusha maputo," nikamwambia.

Akanywa. Alikunywa amekaa, polepole, na glasi sikumwacha aioshe.

Nisalimie Furaha, mwambie asante kwa kutunza siri, na kama hajaitunza nitajua. Msalimie Mjomba Lukasi, ukuta usingoje mvua. Mama mkwe mpe salamu zangu za heshima, mwanawe mwenyewe atampigia Jumamosi, nitakuwa nimekaa karibu nasikia. Shangazi aliyebaki kambini mkimpata kwa simu mwambie Yosua ana paji lake la uso.

Na Jumapili wazee watakuja tu, najua, wameshaalikwa. Usiwafukuze. Wape chai, waulize habari za nyumbani kwao. Baba Mkubwa akikohoa na kuuliza kesi ya Riziki inaanzia wapi, usimweleze mambo ya waya wala ya mawingu, hayo utamweleza siku nyingine. Mwambie tu kwamba Riziki amempa mume wake maji, na ameyanywa. Ataelewa, na ataomba sukari.

Ni mimi, mwanao uliyenifunza kubeba ile glasi,
Riziki, Mama Neema